Kura yako isikioteshe kibarua chako nyasi

Mdosi ana haki ya kukuuliza kwa nini ulifika kazini saa tatu badala ya saa mbili. Ana haki ya kukuuliza pesa za mauzo ziko wapi, mbona stoo haijapangwa, na kwa nini mteja wa jana aliondoka akifoka. Hayo ni ya kazi. Lakini kuna swali moja ambalo jibu lake, liwe lipi, haliwezi kuwa sababu ya kukupiga kalamu: wewe ni wa mrengo gani?

Tunalisema hili mapema kwa sababu siasa hazibishi hodi. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo kutakuwa na kura za mchujo, mikutano, fulana za bure, misafara ya magari na makundi ya WhatsApp yasiyolala. Vijana wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta watakuwa katikati ya hayo yote. Wengi wao watakuwa na kazi wanayoogopa kuipoteza: kwenye supamaketi, vituo vya petroli, hoteli na kambi za watalii karibu na Tsavo, mashamba ya mkonge, machimbo ya vito, stesheni ya SGR na ofisi za kaunti.

Msimamo wetu ni huu. Sheria ya Kenya tayari inakataza mtu kufutwa kazi kwa sababu ya imani yake ya kisiasa, na inakataza kwa lugha isiyohitaji mkalimani. Kinachotuangusha ni kwamba kazi nyingi za vijana hazina karatasi. Haki bila karatasi ni kama mwavuli uliouacha nyumbani: ni wako, lakini mvua inakunyeshea.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 46, imetaja sababu ambazo haziwezi kuhesabiwa kuwa za haki za kumfuta mfanyakazi au kumwadhibu. Ujauzito umo. Uanachama wa chama cha wafanyakazi umo. Kabila, dini, ulemavu na hali ya HIV zimo. Na katika orodha hiyo hiyo yamo maoni ya kisiasa na mrengo wa kisiasa.

Kifungu cha 5 kinamlinda hata yule ambaye bado anatafuta kazi. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwa maoni yake ya kisiasa wakati wa kuajiri, kutoa mafunzo, kupandisha cheo au kuachisha kazi. Akishtakiwa kwa ubaguzi wa aina hiyo, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua unamwangukia yeye mwajiri.

Katiba ya 2010 nayo haijakaa kimya. Ibara ya 38 inampa kila raia uhuru wa kufanya uamuzi wake wa kisiasa, kujiunga na chama na kukifanyia kampeni. Ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Tena Kenya iliridhia mwaka wa 2001 Mkataba nambari 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unaopinga ubaguzi wa ajira, maoni ya kisiasa yakiwemo.

Usidhani kila nchi iko hivyo. Marekani, nchi inayojisifu kwa uhuru wa kusema, haina sheria ya taifa zima inayomlinda mfanyakazi wa kampuni binafsi asifutwe kwa siasa zake. Kuna majimbo yenye ulinzi huo na kuna yasiyo nao. Uingereza ilibidi isukumwe na mahakama. Mwaka wa 2004 dereva wa basi mjini Bradford alifutwa baada ya kuchaguliwa diwani kwa tiketi ya BNP, chama kilichojulikana kwa chuki dhidi ya wahamiaji, ilhali abiria wake wengi walikuwa wa asili ya Asia. Kazini hakuwa na doa. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba sheria ya Uingereza haikumlinda inavyopaswa. Mwaka uliofuata Uingereza ikaondoa sharti la kuwa umefanya kazi miaka 2 kabla ya kushtaki, kwa mtu aliyefutwa kwa sababu ya siasa.

Wengi wetu tungekipinga chama cha dereva huyo. Ndiyo maana mfano wake unafaa. Haki hii haipimwi kwa mtu unayekubaliana naye. Inapimwa kwa yule jamaa wa zamu ya usiku anayekuudhi kila akifungua mdomo kuhusu siasa, lakini kazi yake anaifanya barabara.

Tulikotoka

Taita Taveta inajua bei ya kuwa na msimamo. Mwaka wa 1940 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Taita Hills Association, chama kilichopaza sauti ya wenyeji kuhusu mashamba yao, pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba cha Ukamba Members Association. Miaka mingi baadaye Mwandawiro Mghanga, kijana wa Taita aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa jela miaka ya 1980 na kisha akaishi uhamishoni Uswidi. Mwaka wa 2002 watu wa Wundanyi wakamchagua kuwa mbunge wao.

Katika enzi hizo mtu alipoteza uhuru, na mara nyingi kazi ikafuata. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotiwa kizuizini mwishoni mwa 1977. Aliachiliwa Desemba 1978, lakini kazi yake hakurudishiwa. Willy Mutunga alikuwa mhadhiri wa sheria na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuo hicho hicho. Alizuiliwa mwaka wa 1982, akatoka 1983, na kazi ya kufundisha ikawa imekwenda. Mwaka wa 2011 Mutunga huyo huyo akaapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Fikiria hasara hiyo. Darasa la wanasheria lilimkosa mwalimu ambaye nchi ilikuja kumwona anafaa kuongoza mahakama zote. Hiyo ndiyo gharama ya kumpima mtu kwa siasa zake na kuisahau kazi yake. Sheria ya 2007 na Katiba ya 2010 zimeandikwa na nchi iliyoonja uchungu huo.

Inavyotokea mtaani

Siku hizi mambo ni ya kimyakimya. Hakuna mwajiri wa kukuandikia barua kwamba amekufuta kwa sababu ulivaa fulana ya mpinzani wa rafiki yake. Kibarua huambiwa tu, "Kesho usije." Aliye na mkataba wa miezi sita huambiwa umeisha na hautaongezwa. Mwingine hubadilishiwa zamu mpaka achoke mwenyewe, au akahamishwa kutoka Voi hadi kituo cha mbali ambako nauli inameza mshahara. Sababu inayotajwa ni "kazi imepungua" au "tunajipanga upya". Sababu ya kweli anaijua kila mtu kwenye kijiwe, lakini haimo popote kwenye karatasi.

Upande wa pili wa sarafu nao upo: kulazimishwa kushangilia. Mfanyakazi anaambiwa apande lori kwenda mkutanoni, na jina la asiyepanda linaandikwa. Hii pia ni adhabu kwa imani ya kisiasa, maana kutokuwa na upande nako ni msimamo. Tena Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha kumtisha mpiga kura kwa madhara au hasara ili apige kura kwa namna fulani. Mdosi anayesema "tukishindwa hapa, nyinyi mtatafuta kazi kwingine" anacheza na moto.

Na hapa kaunti yetu ina jambo la kipekee. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, Taita Taveta imekuwa na magavana watatu, na hakuna aliyerudi kwa muhula wa pili. John Mruttu alihudumu hadi 2017, Granton Samboja hadi 2022, kisha akaingia Andrew Mwadime kama mgombea huru. Wapiga kura walitumia haki yao, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kwa kijana mwenye mkataba wa muda katika kaunti, kila mabadiliko huleta wasiwasi: je, nitaonekana mtu wa yule aliyeondoka? Hatumlaumu gavana yeyote kati ya hao watatu. Tunasema kwamba mfumo unaomwacha nesi au karani akijiuliza swali hilo kila baada ya miaka mitano una kasoro, awe gavana ni malaika.

Mahakama zimeshatoa mwongozo. Mwaka wa 2015, katika kesi iliyohusu waziri wa Kaunti ya Nyeri aliyefutwa, Mahakama ya Rufaa ilisema mamlaka ya gavana ya kumwondoa waziri wa kaunti si ya kutumiwa ovyo. Lazima kuwe na sababu za maana. Kama waziri anayeteuliwa na gavana mwenyewe hawezi kufutwa kiholela, itakuwaje kwa mhudumu wa zahanati aliyepata kazi kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti?

Mwajiri naye ana haki zake

Wapo watakaosema, "Biashara ni yangu, pesa ni yangu, sitaki siasa hapa." Hoja hii ina uzito. Mwenye hoteli mjini Voi anapokea wageni wa kila chama. Ana haki ya kukataza kampeni saa za kazi, kukataza fulana za wagombea mahali pa sare, na kukataza gari la kampuni kubandikwa mabango. Ana haki ya kumchukulia hatua mfanyakazi anayemtukana mteja kwa sababu ya kabila au chama chake. Ukiposti matamshi ya chuki au ya kuchochea ghasia, usikimbilie Katiba. Ibara ya 33 yenyewe imesema uhuru wa kusema haufiki huko.

Kuna kazi pia ambazo siasa ndiyo kazi yenyewe. Msemaji wa chama anayempigia debe mpinzani, au msaidizi binafsi wa mwanasiasa aliyehamia kambi nyingine, hawezi kushangaa akiambiwa aende. Na afisa wa umma ana masharti zaidi. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamtaka asiwe wakala wa chama wala mgombea. Hii ina maana chifu au afisa wa kaunti asipande jukwaani. Haina maana kwamba hana kura, na haimpi mkubwa wake ruhusa ya kumpeleka kwenye jukwaa la mkubwa.

Mstari basi uko wapi? Tunapendekeza kipimo rahisi. Jiulize: mfanyakazi huyu angefanya jambo lile lile kwa upande anaoupenda mdosi, angefutwa? Aliyevaa fulana ya mgombea kaunta akionywa, na aliyevaa ya mgombea mwingine akionywa vilevile, hiyo ni nidhamu ya kazi. Mmoja akipigwa kalamu na mwingine akipigiwa makofi, huo ni ubaguzi, uitwe jina lolote lile.

Maandamano nayo? Tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, swali hili linaulizwa sana. Ibara ya 37 inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Haikupi haki ya kutoroka zamu. Omba ruhusa au nenda siku yako ya mapumziko, maana kukosa kazini bila ruhusa ni kosa ambalo mwajiri anaweza kulishika mkononi. Na ukikamatwa? Kukamatwa peke yake si tiketi ya kufutwa papo hapo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinazungumzia mtu aliyekamatwa kwa kosa linaloweza kumfunga jela, akapita siku 14 bila kuachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali. Msee aliyelala seli usiku mmoja na kutoka asubuhi hayumo humo.

Jilinde kabla mvua haijanyesha

Kwanza, dai karatasi. Mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi, na kuuandaa ni kazi ya mwajiri. Asipoweza kuuonyesha mahakamani, ni yeye atakayebanwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Huna nakala? Tunza jumbe za simu, rekodi za mshahara ulioingia kwa M-Pesa, picha ya ratiba ya zamu. Hizo nazo zinazungumza.

Pili, jua kwamba kibarua hakai kibarua milele. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au kazi ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi 3, unahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi. "Kesho usije" haitoshi tena.

Tatu, ukituhumiwa kwa kosa la kazi, una haki ya kuelezwa kosa hilo kwa lugha unayoielewa na kusikilizwa ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Usisaini barua usiyoielewa kwa sababu tu mdosi ana haraka. Chukua nakala, nenda kaisome.

Nne, usilale. Malalamiko kwa afisa wa leba yanapaswa kufika ndani ya miezi 3 tangu ufutwe. Ukienda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, una miaka 3. Ukishinda, unaweza kulipwa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, au hata kurudishwa kazini. Kwa kijana anayelipa kodi ya nyumba Voi na kutuma chochote kwa mama kijijini, hiyo si pesa ya kuacha mezani.

Tano, tumia akili unapoposti. Haki unayo, lakini mwajiri mwenye nia mbaya hatafuti maoni yako, anatafuta kosa lako. Usimpe. Weka siasa kwenye akaunti yako na muda wako, achana na nembo ya kampuni na sare ya kazi.

Tunachotaka

Mzigo huu hata hivyo hauwezi kubebwa na kijana peke yake. Mwenye njaa hawezi kushinda akiwafundisha watu sheria, hasa akijua kuna wengine kumi nje ya geti wanaoingoja nafasi yake. Ndiyo maana tunaielekezea kaunti, mwajiri mkubwa anayepaswa kuwa mfano, ombi moja kabla ya 2027. Bodi ya Utumishi wa Umma iweke wazi vigezo vya kuongeza mikataba, na kila ambaye mkataba wake hautaongezwa apewe sababu kwa maandishi. Mahakama kwa kawaida husema mkataba wa muda ukiisha umeisha, na mfanyakazi hana hakika ya kuongezewa. Hilo ndilo tundu ambalo siasa hupitia. Kaunti inaweza kuliziba yenyewe bila kungoja bunge wala jaji.

Waajiri binafsi tunawaomba jambo dogo zaidi: wabandike ukutani sheria zao za siasa kazini sasa hivi, kabla ya joto la kampeni, na ziwabane wa pande zote sawasawa. Vyama vya wafanyakazi navyo vitoke ofisini viwafikie vibarua wa mashambani na wahudumu wa kambi za watalii, ambao wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kifungu cha 46 kipo.

Kenya imekubali kwamba kura ni siri ili mnyonge asiadhibiwe na mwenye nguvu. Siri hiyo haina maana kama mtu atafika kibandani akiwa tayari ameambiwa atapoteza nini. Mkataba wa kazi ufanywe kinyume cha kura: uwe wazi, uwe wa maandishi, na sababu ya kuuvunja isomeke na kila mtu. Hapo ndipo mfanyakazi wa Voi atakapompigia kura anayemtaka Agosti, na asubuhi ya pili arudi kazini kwake.